Nilimsamehe Fundi kwa Kosa Langu

Mkosaji ni mimi. Tuanze na hilo kabisa, msije mkahangaika kumtafuta.

Gari letu dogo lilikuwa linalia breki za nyuma. Fundi Ambele wa hapa mtaani kwetu Uyole alikuwa ameshabadilisha mpira unaopitisha mafuta ya breki, akaniambia pedi nazo zimeisha, nirudi Jumamosi. "Ila kaka, usijaribu mwenyewe," akasema. "Pistoni za nyuma za gari hili, zile zinazobana pedi, hazisukumwi, zinarudishwa kwa kuzungushwa, taratibu."

Nirudi? Mimi? Mtu niliyeangalia video mbili nzima! Nikajua huyu anataka kula hela yangu tu.

Basi Jumamosi, mke wangu akiwa mazoezi ya kwaya, injinia nikafungua tairi uani. Pistoni ikagoma kurudi ndani. Mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nikaibana kwa jiriwa ya seremala, nikachomeka na bomba kuongeza nguvu, nikakaza mpaka ikalia "ka!" Ikaingia. Nikajipongeza na soda.

Jumapili tukaanza safari ya Rujewa kwa shangazi yake mke wangu. Kabla ya kuondoka niliona tairi lile limelowa. Nikasema ni umande. Umande, saa nne asubuhi, tairi moja tu! Jamani, mimi!

Igawa, kwenye matuta, nikakanyaga breki, pedali ikashuka mpaka chini; mafuta yote yalikuwa yamevujia kwenye ule "umande" wangu. Tukaruka tuta, tukaishia mtaroni. Mimi sikupata hata mkwaruzo. Mke wangu alivunjika mguu.

Hospitalini kaka zake wakauliza nani aligusa breki hizo. Mdomo huu ukajibu bila haya: "Ambele." Gari nikalifunika turubai, na Ambele alipoomba alikague nikamfokea mbele za watu.

Wiki iliyofuata akaja nyumbani na jogoo, kofia mkononi. Akapiga goti kando ya kitanda. "Shemeji, nisamehe. Nafikiri sikuukaza vizuri ule mpira. Hata usingizi sipati." Mke wangu akalia, akamwambia yamekwisha. Kisha akanigeukia: "Baba Neema, na wewe msamehe mwenzio."

Nikamsamehe! Mnaona nilivyo na moyo mkubwa? Nikampa na mkono. Jioni nikala paja.

Leo Ambele hagusi breki ya mtu. Anaziba pancha tu, anasema mikono yake haiamini tena. Mke wangu anatembea kwa magongo, na mpaka sasa hajui. Nami naandika hapa bila jina, shujaa kweli kweli!

Ndugu zangu mnaosomea ufundi kwenye simu, pistoni ikigoma, iacheni, mpelekeeni anayejua. Na mkishaharibu, semeni siku hiyohiyo. Ukichelewa hata wiki moja, mdomo unakuwa mzito kuliko gari lenyewe.

Kila asubuhi napita pale kwa Ambele. Yeye ndiye anayeanza kunisalimia. "Kaka, shemeji anaendeleaje?"

Namjibu, "Mungu anasaidia," halafu naongeza mwendo.