Udongo wa Mama Nabintu

Mungu Baba asifiwe, aliyetupa udongo wa kukanyaga na mvua ya kuulainisha, akatuvumilia hata tulipovitumia vibaya. Siku hizi siwezi kupanda vilima vya Kadutu bila kupumzika katikati, lakini pumzi ya kuhadithia bado ananipa. Ninashukuru.

Mwanangu, nimesikia unataka kutengeneza matuta ya mabati nyuma ya nyumba yako, mboga zipandwe juu, kuku wasizichakure wala mvua isizichukue. Ni jambo jema. Nami niliyatengeneza hapa Bukavu, miaka ile nchi yetu ilipoitwa Zaïre. Kabla hujakata bati la kwanza, sikiliza yaliyonipata.

Nakumbuka siku moja, mwishoni mwa kiangazi, nilisimama uani nikitazama mabati ya zamani yaliyoegemezwa ukutani. Tulikuwa tumebadilisha paa. Mume wangu alikuwa Shabunda akifundisha, nami nimebaki na binti yetu Riziki, ambaye hakuwa bado amefikisha mwaka. Kule Ibanda, kwa masista nilikokwenda kushona, nilikuwa nimeona matuta yaliyozungushiwa chuma, karoti na lengalenga, ule mchicha wetu, zimesimama humo kama wanafunzi mstarini. Nikasema moyoni, mume wangu akirudi Krismasi atakuta bustani kama ile.

Kazi ya chuma niliifanya vizuri, sitajidharau. Nilikunja makali ya bati kwa nyundo yasimkate mtoto, nikazika ukingo wa chini ardhini kiasi cha kiganja kimoja, nikakaza kila pembe kwa kigingi cha mkaratusi. Matuta matatu, yakinifika magotini. Ndipo nilipojua jambo ambalo sikuwauliza masista: tuta la bati linakula udongo kama shimo. Nilimwaga karai kumi, sakafu ikafunikwa tu.

Udongo wa uani kwetu ulikuwa mwembamba, na chini yake mawe. Lakini nyuma ya nyumba palikuwa na ukingo mrefu kuliko mimi, na juu ya ukingo ule kilisimama kibanda cha jiko cha Mama Nabintu, mjane, jirani yetu wa juu. Miaka mingi alikuwa akimwaga huko majivu na maganda, na udongo ulikuwa mweusi, laini, unaingia jembe kama ugali. Nikaanza kuchimba mguuni mwa ukingo. Siku ya pili Mama Nabintu akachungulia kutoka juu.

"Mama Riziki, uko unachimba nini? Dhahabu iko Shabunda, kwa bwana yako."

Nilicheka, nikaendelea. Siku tatu nilichimba. Matuta yakajaa hadi juu, nikapanda lengalenga na vitunguu, nikafurahi.

Septemba mvua ikarudi. Baada ya mvua ya pili Mama Nabintu alishuka mwenyewe mpaka mlangoni kwangu, kanga imefungwa kiunoni, mikono ina harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Aliwakaanga katika jiko lile akawauza sokoni, na kwa hao alikuwa akilea wajukuu wawili.

"Mama Riziki, jiko yangu iko inakuja kukutembelea. Uipikie chai."

"Mama Nabintu, udongo iko mu parseli yangu," nikamjibu, maana ukingo ulikuwa ndani ya kiwanja changu. "Kama jiko yako inatembea, uifunge kamba."

Mwanangu, mpaka leo maneno hayo yananichoma. Alinitazama kidogo, akageuka, akapanda kwake polepole.

Wiki ile zamu ya kuwapokea watu wa shirika letu, jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa, ilikuwa kwangu. Tulisali, tukaimba, kisha nikawapeleka wote uani niwaonyeshe matuta. Walisifu. Aliyesogea karibu ni Muzee Birindwa, kiongozi wetu wa sala, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amelima bustani ya mapadri. Alikunja mkono wa shati, akazamisha mkono katika tuta la kwanza mpaka kiwiko.

"Binti yangu, ndani iko udongo tu?"

"Udongo tu, papa. Muzuri sana."

"Na hii yote umetosha wapi?"

Nilionyesha ukingo nilikoutoa. Akaenda, akautazama pale nilipoula tumbo, kisha akazunguka njia ya juu, nami nikamfuata. Nyuma ya jiko la Mama Nabintu ardhi ilikuwa imepasuka ufa wa kuingia kidole. Muzee aliingiza fimbo yake. Ilizama karibu yote. Mama Nabintu alisimama mlangoni pa jiko, akiitazama fimbo.

"Mwenye kujaza tuta anaanza na migomba iliyokatwa, na majani makavu, na samadi," Muzee aliniambia, bila kupandisha sauti. "Udongo ni ya juu tu, kama blanketi. Ungeniuliza, ukingo ungekuwa muzima. Sasa sikia. Parseli iko yako, lakini mutelemko haina mwenyewe mumoja. Ule wa chini akichimba, wa juu ndiye anaanguka."

Nilitaka kusema kwamba mboga zangu zimeshaota. Nikatazama fimbo ile, nikamwuliza nifanye nini.

Jumamosi ilikuwa salongo, ile kazi ya wote ya kusafisha mitaro na barabara. Ilipokwisha, Muzee alikuja na watu sita wa shirika, majembe yakiwa bado mabegani. Nilibomoa matuta kwa mikono yangu mwenyewe. Lengalenga zilikuwa na urefu wa vidole vitatu. Mabati tuliyasimamisha mguuni mwa ukingo, tukayazuia kwa nguzo za mkaratusi zilizozikwa kwa kina, na udongo wote tukaurudisha nyuma yake, karai kwa karai, tukiushindilia kwa miguu. Juu tukapanda matete, mizizi yake ije ishike. Ufa Muzee aliujaza mwenyewe, akachimba na mfereji mdogo wa kuyapeleka maji pembeni. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi siku ile tulifanya yote mawili.

Kabla hatujatawanyika nilimwomba Mama Nabintu msamaha mbele ya wote. Alisema, "Tutaona mvua itasema nini."

Mvua ilisema kesho yake. Tulikuwa kanisani, ikapiga paa hata padri akakatisha mahubiri. Sikuisikia tena Misa. Nilikuwa nikihesabu wajukuu wale wawili na kikaango kimoja. Ilipokatika nilipanda mbio, Riziki mgongoni, matope hadi magotini. Nilipofika kwenye kona niliona moshi. Jiko lilikuwa limesimama, na Mama Nabintu alikuwa mlangoni akichochea moto.

"Mama Riziki," aliniita kutoka juu, "jiko yangu imekataa safari. Kuja ukule."

Bati moja lilikuwa limebaki. Nililifanya tuta dogo, na safari hii nilianza na migomba. Krismasi mume wangu alikuta tuta moja badala ya matatu, na sahani ya sambaza kutoka juu. Mafungu ya kwanza ya lengalenga niliyapeleka kwa Mama Nabintu.

Basi, mwanangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kabla ya kusimamisha bati, uliza wanaojua, na uulize udongo utatoka wapi, na nani amesimama juu yake. Jaza chini kwa vile ambavyo wengine wanatupa. Jirani akikuletea neno mlangoni, hata kwa mzaha, toka ukaangalie kabla hujajibu.

Mungu akubariki wewe unayesoma haya. Akupe mvua ya kiasi, ukingo usiotikisika, na jirani wa kukuita mezani. Amina.