Chumvi ya Urani

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nikifundisha sayansi katika shule moja nje kidogo ya Kapsoit, na niliamini hakuna kitu duniani kisichosemeka kwa Kiswahili. Kwa hiyo nilipoikuta kabatini chupa iliyoachwa na mwalimu Mzungu aliyerudi kwao, mdomo umezibwa kwa nta, nilibandua lebo ya Kiingereza nikaandika yangu: CHUMVI YA URANI.

Ndani mlikuwa na chembe za kijani kizito, kama majani ya chai baada ya mvua. Niliwaeleza wanafunzi kwamba hiyo ni urani iliyoshikana na klorini. Kwamba ng'ambo huitumia kupatia urani yenyewe, ile inayochemsha maji ya kuzalisha umeme. Kwamba ni sumu, na hewa yenye unyevu huiharibu. Wakanakili. Nikatoka maabarani kwa madaha, chupa nikaisahau dirishani.

Maabara ilifagiwa na mzee aliyemkamua ng'ombe wa shule. Ng'ombe huyo alikuwa mmoja tu, na chai ya wanafunzi wote ilitegemea maziwa yake. Jioni nilipita zizini nikamkuta mzee ameshika chupa yangu, nta imebanduliwa, bakuli la kulambia liko miguuni pake. Ng'ombe alikwisha kunyoosha shingo.

"Mzee, hiyo umeitoa wapi?"

"Kwako, mwalimu. Ile chumvi yake ya kutoka Magadi imeisha. Nikasema leo ajaribu hii ya Urani. Urani ni wapi? Ni kupita Kipkelion?"

"Amelamba?"

"Bado." Akaielekeza chupa kwenye mwanga. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mashambani, na chembe zilishaanza kulowa na kushikana. "Nimefungua sasa hivi na tayari inalia machozi. Tena ina moshi, inanichoma pua. Chumvi ya kulia simpi ng'ombe wangu mpaka mwenye chumvi alambe kwanza. Si wewe ndiye mwenyewe?"

Nilimpokonya chupa, nikaifunga, nikamsimamia anawe mikono kwa sabuni mara mbili. Alinawa akinicheka.

Asubuhi nilibandika lebo mpya, wino mwekundu, herufi kubwa: SUMU. Mzee aliegemea ufagio akaisoma polepole.

"Sasa hicho," akasema, "ndicho Kiswahili."