Ng'ombe Kwenye Simu

Jumatatu nilikuwa kwenye duka la dawa za mifugo hapa mjini, nikingoja dawa ya kupe, mara simu ya daktari wa mifugo mwenye duka ikaita. Mikono yake ilikuwa na kazi, akaiweka kwenye spika. Aliyepiga alikuwa mfugaji wa kijiji cha Oldonyo Sambu.

“Daktari, ng'ombe wangu analia tangu jana, majani hataki. Niandikie dawa.”

“Pole, baba. Sheria hainiruhusu kumwandikia dawa mnyama nisiyemwona.”

“Basi msikilize!”

Duka zima likajaa mlio wa ng'ombe. Daktari akashika kichwa. Mama mmoja aliyekumbatia boksi la vifaranga akaiinamia simu.

“Baba, anawapanda wenzake?”

“Anawapanda sana!”

“Huyo haumwi. Anataka dume.”

Tulicheka mpaka vifaranga wakaamka. Daktari akajifuta machozi: “Hilo naruhusiwa kuandika.”

Mfugaji akapaza sauti kwenye simu.

“Kumbe! Dume wa jirani amesimama nje ya zizi tangu alfajiri. Nimemfukuza mara tatu.”

Nasikia wakubwa wanatunga kanuni za kutibu mifugo kwa simu. Watunge, tena ziwe kali. Ila wajue kwamba siku ile mtaalamu alishafika, kwa miguu yake mwenyewe, akapokelewa kwa fimbo.