Nilivyoligeuza Jembe la Ukweni Kuwa Kisu cha Dameski

Nianze kwa kukiri: mimi ni mwizi, na nilichoiba kilikuwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Usinionee huruma mapema. Soma kwanza, halafu ucheke, maana hapa Songea wameshacheka wote umebaki wewe tu.

Nina duka la vifaa vya simu Majengo. Mikono yangu imezoea chaja na vioo vya simu. Lakini mwaka jana, wateja walipopungua, nikaanza kutazama video za watu wanaotengeneza visu vya Dameski. Unapanga vipande vya vyuma vya aina mbili, unavichoma mpaka vinang'aa, unavigonga vishikane, unakunja, unagonga tena. Mwishoni unakitumbukiza kisu kwenye asidi, na maua yanatokea kwenye bapa lake. Nilitazama video kama arobaini hivi nikajiona nimehitimu.

Nikamwambia mke wangu, Mama Neema, kwamba nimegundua kipaji changu. Akauliza, "Dameski si ndiko Mtakatifu Paulo alikokuwa anakwenda akaanguka chini?" Nikamjibu kwa dharau kwamba mambo ya ufundi yeye hayawezi. Paulo angalau alianguka safarini. Mimi nilianguka uani kwangu, Mjimwema.

Nikachimba tanuri, nikafunga feni ya kupuliza mkaa, nikapata kipande cha ekseli ya lori cha kugongea. Chuma cha kwanza nilikuwa nacho, springi ya gari bovu. Cha pili kilitakiwa kiwe laini, na jamaa wa kwenye video alisema chuma cha zamani kilichofuliwa kwa mikono ndicho kinachotoa maua meupe kuliko vyote.

Sasa sikia upumbavu wangu.

Ukoo wa mke wangu, wa Maposeni, una jembe. Lilifuliwa na wahunzi wa zamani, kabla majembe ya dukani hayajafika kwao. Binti akiagwa kwenda kuolewa, mama yake anamkabidhi jembe hilo mbele ya watu. Halilimi. Analitunza tu, na zamu ya binti mwingine ikifika analirudisha ili naye akabidhiwe. Bibi yake mke wangu alilishika, mama mkwe akalishika, na mke wangu akalishika siku tulipooana. Tangu hapo lilikuwa kabatini kwetu, limefungwa kwenye khanga.

Nikajiambia, miaka kumi na mbili halijapiga hata tuta moja, hawa watu wanatunza kutu. Hayo ndiyo maneno niliyojiambia, mimi ambaye nimetunza kadi yangu ya mpiga kura ya kwanza mpaka leo.

Jumamosi mke wangu akiwa kwenye sala za jumuiya, nikalitoa, nikalikata vipande. Mahali pake nikaweka jembe jipya la dukani. Nililipaka tope, nikalisugua kwa jivu, nikalifunga kwenye khanga ileile. Hata mafundo nilijitahidi kuyafunga kama alivyoyafunga yeye.

Kisu kilipopata umbo nikampelekea mzee mmoja mhunzi, anayefua nyengo za kufyekea na mapanga karibu na soko. Nilikwenda kutafuta sifa, si ushauri. Akakigonga kwa ukucha, akakisikiliza.

"Kijana, hapa katikati hakijashikana. Ulikitoa motoni mapema, taka imebaki ndani. Nenda kakichome upya."

"Shikamoo mzee," nikasema, salamu niliyopaswa kuanza nayo, "lakini huu ni ufundi wa kisasa."

"Marahaba," akanijibu, akarudi kwenye panga lake.

Nikakitia kisu asidi ya betri na maua yakatoka kweli. Nikakipiga picha zaidi ya nilizompiga mwanangu alipozaliwa.

Miezi mitatu baadaye mdogo wake mke wangu akapata mchumba. Tukaenda Maposeni kumuaga. Mke wangu amebeba khanga yake, mimi nimebeba kisu changu kiunoni. Mtu mwenye akili angekiacha nyumbani. Mimi nilikuwa na njaa ya sifa.

Wanaume walikuwa wanakata nguruwe. Nikawaambia wanipishe. Nikakiinua wote wakione, nikakishusha kwenye paja. Kilipogusa mfupa, bapa likafunguka katikati kama kitabu cha nyimbo, kipande kikarukia kwenye sufuria ya supu. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nikacheka kidogo, nikadhani adhabu yangu imeishia hapo.

Nikaitwa ndani. Mama mkwe alikuwa amefungua khanga. Tope niliweka, jivu niliweka, lakini nilisahau nembo ya kiwanda iliyogongwa mgongoni mwa jembe.

Hakuniangalia mimi. Alimwangalia mke wangu.

"Mwanangu, umeliuza?"

"Mama, sijaliuza. Naapa kwa Mungu sijaliuza."

"Basi liko wapi? Si wewe uliyelitunza?"

Mke wangu akaanza kulia mbele ya shangazi zake wote. Nami nilikaa kimya. Kuiba jembe ni kosa, na kutomsikiliza mhunzi ni kosa, lakini ungamo langu hasa ni ule ukimya. Nilimwacha aitwe mwongo kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kutoka salama. Naona aibu hata kuandika.

Alipopiga magoti ndipo nikasimama. Nikavitoa vipande vya kisu mfukoni, kimoja bado kinanuka supu, nikaviweka mezani.

"Mama, jembe ni hili hapa."

Nilitegemea matusi. Mama mkwe akavigeuzageuza, akayatazama maua yangu. Kisha akavifunga kwenye khanga, akamwita bibi harusi, akamkabidhi mbele ya watu.

"Shika, mwanangu. Hili ndilo jembe la bibi yako. Limepitia kwa shemeji yako, ndiyo maana liko hivi. Ukimkabidhi mwenzako, umweleze hivyohivyo."

Hakuna aliyecheka. Ningeomba wacheke.

Mke wangu ananipikia na tunaongea, lakini kabati lake sasa lina kufuli. Wewe unayetazama video hizo na mikono inakuwasha, chukua springi, chukua misumari, ila cha watu kaombe kwanza. Na ukikosea, sema kabla mwenzako hajapiga magoti kwa ajili yako.

Mwanangu Neema ana miaka kumi. Zamu yake ikifika, atafunguliwa khanga ile mbele ya watu, na mimi baba yake nitakuwa nimekaa palepale nikisikiliza anavyoelezwa.