Sukari ya Mwandishi

Harufu ya chai ya maziwa ikichemka katika sufuria kubwa ya kanisa hunikasirisha mpaka leo. Nilikulia Ngoingwa, hapa Thika, na nilipokuwa darasa la sita mpangaji wetu wa chumba cha nyuma alitoa riwaya. Mtu huyo alikula kwetu siku zote bila kurudisha hata sahani jikoni, halafu akamtia mama yangu kitabuni: kilemba cha buluu kilichofungwa juu ya sikio moja, kile kikohozi chake kabla ya kucheka, kila kitu. Alichobadilisha ni jina tu. Na mwanamke huyo wa kitabuni alikuwa akiingia chumbani kwa mpangaji kumwibia sukari.

Watu wa kwetu walikisoma kitabu kile kama ushahidi wa kortini. Mama ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo ya kanisa kila palipokuwa na harusi. Akina mama wenzake wakamwomba aurudishe, eti apumzike. Apumzike nini? Alirudi nyumbani akakaa jikoni bila kuwasha moto. Baba alikuwa mwalimu, na Jumamosi alasiri ndiye aliyewahoji waandishi katika ukumbi wa kanisa. Akamwahidi mama, mimi nikisikia: "Nitamuuliza mbele ya watu. Atasema ukweli."

Siku ilipofika, baba alimuuliza kuhusu lugha, kuhusu sura ya kwanza, kuhusu namna ya kuwajenga wahusika. Yule bwana alikaa mguu juu ya mguu, akajibu kwa madaha: "Mhusika unaishi naye kwanza, mwalimu." Baba akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Nilimchukia baba siku hiyo kuliko nilivyomchukia mgeni wake. Kisha mama akaingia na chai, akawa anatia sukari kila kikombe, safu kwa safu, na alipomfikia mwandishi akampa chai isiyo na sukari. "Yako nilishaiiba yote," akamwambia, akaenda zake. Hakuna aliyecheka. Jumapili iliyofuata wakasema amekiri kwa mdomo wake mwenyewe, na ufunguo haukurudi kamwe.

Kazi ile ya baba ya kuwahoji waandishi sasa naifanya mimi, huku Kamakis, katika chumba cha kurekodia kinachoingiwa na moshi wa nyama choma. Mwezi uliopita waliniletea yule yule mpangaji wetu, sasa mzee wa mkongojo. Hakunitambua. Alitaka tuzungumzie usanii wake. Nikamuuliza, "Yule mama wa Ngoingwa aliyekuwa akikupikia, aliwahi kukuibia sukari?"

Akaguna. "Hapana. Lakini hadithi ilihitaji mwizi."

Sikumshukuru, wala sikumsindikiza mlangoni. Nilimpelekea mama rekodi hiyo nyumbani. Baba alishafariki, na wale akina mama wa stoo wengi wao pia, kwa hiyo hakukuwa na wa kusikilizishwa ila yeye. Aliiweka simu sikioni, upande ule wa kilemba.

"Rudisha hapo aliposema hapana," akaniambia.

Nikarudisha. Chai ilikuwa imepoa mezani.

"Tena," akasema.