Karate ya Mikono Miwili

Kila nilipopita Hell-Ville, kule kisiwani Nosy Be, Madagaska, nilishukia kwa Soudjay, maana mkewe Koulsoum hakuwa mtu wa kumnyima mgeni wali. Mchana Soudjay alichochea kuni kwenye mtambo wa kuchemshia maua ya mlangilangi, yatoke mafuta ya manukato. Jioni alifundisha karate nyuma ya nyumba, nguo bado zinanukia, na wanafunzi wakimtania: "Fundi, leo tunapigana na bibi harusi."

Karate yake haikufanana na zile nilizoziona kwingine. Kwingine mwanafunzi huanza kwa kukunja ngumi. Kwa Soudjay alianza kwa kunyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kama mtoto wa Kikomori anavyomnyooshea mkubwa wake akisema "kwezi", na mkubwa akaweka mkono wake juu ya mikono ya mtoto akijibu "mbona". Baada ya hapo unatoka kwenye njia ya pigo, unaingia ubavuni mwa mwenzako, hushindani naye nguvu. Kupiga ni mwisho kabisa, na hupigi kabla hujaiona mikono yake yote miwili ukajua imebeba nini. Tena ngumi ikifika karibu na uso inasimama hapo hapo. Aliyegusa ngozi alikaa chini jioni nzima, hata awe bingwa.

Nilimuuliza mtindo huo umetoka wapi. Akasema Japani, kwa mzee mmoja wa kisiwani, na akawa anaangalia kuni. Watoto nao wakaongeza yao. Mara mzee huyo alikuwa mvuvi, mara aliangusha ng'ombe dume kwa kiganja. Soudjay hakuwasahihisha.

Basi mwaka 1988 mwanafunzi wake Fatima, binti mwenye mwandiko mzuri, aliandika ukutani kwa rangi nyekundu kwamba mtindo wao ulizaliwa Japani. Koulsoum akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasoma. Fatima akamuuliza kama herufi zimenyooka.

"Zimenyooka, mwanangu."

Wanafunzi walipoondoka akamgeukia mumewe. Wao kwa wao husema Kikomori, mimi naandika kwa Kiswahili changu. "Jicho la mdogo wangu," alisema, "umelifanya Mjapani."

Nilikuwa nakula. Nikaacha.

Yeye Koulsoum ndiye aliyenieleza, Soudjay ameinamisha kichwa. Walikuwa Wakomori waliokaa Mahajanga, mji wa bandari huko huko Madagaska, mtaa wa Antanimasaja. Soudjay alijifunza karate kwa Mfaransa mmoja aliyefundisha vijana wa bandarini, na kwa Mfaransa huyo jambo lilikuwa moja: uwahi kupiga. Mwisho wa mwaka 1976 mji ukageuka, Wakomori wakauawa hadi majumbani mwao. Jirani Msakalava, mwenyeji wa pale, akawaficha hao wawili. Waliporudi nyumbani kwao, mwaka mpya umeshaingia, Soudjay akawa analala mlangoni na viatu miguuni. Mdogo wake Koulsoum, nitamwita Msa, hakuonekana. Walishamsomea hitima.

Kumbe Msa alikuwa kijijini Antsanitia, wavuvi wamemsitiri. Alfajiri moja akarudi, kavaa koti la kuazima, kofia imemfunika uso. Akamkuta shemeji yake uani. Kwa furaha hata salamu haikumtoka, ilitangulia mikono. Soudjay aliona mikono inamjia, akapiga. Jicho la kushoto halikupona. Na Soudjay akahamia Nosy Be kabla bandeji haijafunguliwa.

"Yote anayowafundisha," Koulsoum akaniambia, "ni yale ambayo hakuyafanya asubuhi ile."

Soudjay akasema, "Nikiwaambia, nani ataniachia mtoto wake?"

"Basi kaa na Mjapani wako. Ila wali wangu usile naye."

Siku zile hakula vizuri, na mtamboni aliacha moto ukazima, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mwishowe akaniambia anakwenda Mahajanga kumwomba Msa ruhusa ya kusema ukweli, nimsindikize. Mimi safari sikatai.

Tulimkuta Msa mlangoni kwake Antanimasaja, anatengeneza redio, kichwa kakilaza upande ili jicho moja lione ndani. Aliinua uso akamtazama shemeji yake toka juu hadi chini.

"Umenenepa," akasema.

"Wali wa dada yako."

"Mimi wali huo nausikia tu."

Soudjay akaeleza yote: wanafunzi, ukuta, mzee wa kisiwani. Msa akacheka kidogo kwa pua. "Kwa hiyo ndiye mimi. Nimeangusha ng'ombe?"

"Kwa kiganja."

"Alhamdulillahi."

"Nataka kuwaambia kweli, shemeji. Nimekuja uniruhusu."

Msa akamaliza kukaza skrubu yake. "Lako sema. Jina langu usilitaje. Hapa mtaani mimi ni fundi wa redio, sitaki kuwa somo la watoto wako." Kisha akatuletea chai. Tukanywa, tukazungumza bei ya mchele, tukaaga. Ndiyo maana jina Msa nimelitunga mimi, na la kweli halimo humu.

Tuliporudi Hell-Ville, Soudjay aliupaka ukuta chokaa, akawakalisha wanafunzi. "Mtindo huu haukutoka Japani," aliwaambia. "Niliuunda mimi hapa hapa, kwa sababu nilimpiga mtu aliyekuja kunipa kwezi. Hakuwa na kosa lolote. Alipoteza jicho."

Kijana mmoja mkubwa akasimama, akafungua mkanda, akauweka chini taratibu, akaondoka. Wengine walibaki wameinamia magoti yao. Ni Fatima aliyeuliza.

"Fundi, alikusamehe?"

"Aliniruhusu nieleze."

"Sikuulizi hilo."

Mimi nilikuwapo Mahajanga, nikayapitia moyoni yote yaliyosemwa pale mlangoni, tangu unene hadi mchele. Neno la msamaha halikuwamo. Soudjay alimwendea mtu aliyepoteza jicho kwa mkono wake, akamwomba kitu kingine cha kumfaa yeye mwenyewe, akanywa na chai yake.

"Sikumwomba," akasema.

Kisha akamwambia Fatima asimamie darasa mpaka atakaporudi, akaingia ndani. Kesho yake palikuwa na boti ya kwenda Mahajanga. Koulsoum alikuwa ameshaanza kufunga mzigo, nguo za mumewe na zake pamoja, na sufuria ya wali juu.