Mshale Kwenye Runinga ya Bi Kufuli

Jirani yangu wa ukuta mmoja hamwamini mtu. Hata mimi niliyempikia uji alipougua, akija kwangu hukaa kiti cha karibu na mlango na mkoba wake akaupakata kama mtoto mchanga. Mtaa mzima tunamwita Bi Kufuli, naye anajua, na nadhani jina lenyewe linampendeza. Kabati lake la vyombo lina kufuli. Friji nalo lilikuwa na kufuli mpaka mwanawe alipolalamika.

Usimcheke haraka. Kazi yake yote aliifanya kwenye geti la kiwanda cha nguo, akiwapekua wafanyakazi wa kike wanapotoka zamu. Amekuta mashati chini ya mikate na nyuzi ndani ya vilemba, na safari moja suruali tatu zimevaliwa moja juu ya nyingine, na aliyezivaa ndiye aliyekuwa akimwamkia kwa adabu kuliko wote. Hapo akajifunza kwamba anayekuchekea sana ana lake jambo. Kazi aliistaafu, upekuzi haukustaafu.

Anaishi chini. Juu anaishi mwanawe wa pekee, karani wa bima, pamoja na mkewe ambaye ni muuguzi. Nyumba ni ya kupanga na kodi analipa huyo mwana. Kwa hiyo paa lililo juu ya kichwa cha Bi Kufuli liko mikononi mwa watu wawili, na mmoja kati yao hakumzaa yeye.

Huyo ambaye hakumzaa ndiye aliyemkosesha raha. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini binti huyo alishuka kumwamkia, akamuuliza presha imeamkaje, akamwachia matunda. Bi Kufuli alipokea matunda na kuyageuzageuza. Kwake huyu alikuwa wale wale wa suruali tatu.

Mwaka jana mwana alinunua vidude viwili vya kuchomeka nyuma ya runinga, kimoja cha juu na kimoja cha chini. Ukiwa nacho, unachokitazama kwenye laptopu kinaruka bila waya yoyote na kutokea kwenye runinga. Kile cha juu alikizoesha na laptopu yake, kiasi kwamba akiifungua tu inakitafuta na kuungana nacho yenyewe. Mama yake alitumia chake kwa tamthilia, na kila alipomaliza alikifunika kwa kitambaa, maana hakuwa na hakika kama hakisikilizi.

Kisha runinga ya juu ikapasuka kioo, ikapelekwa kwa fundi, na fundi, kama mafundi wote, akasema njoo kesho. Kidude cha juu kikabaki kwenye rafu. Bi Kufuli alipanda siku moja kurudisha sufuria, wenyewe wakiwa kazini, akakiona kinang'aa. Moyo ukamwambia kizuri wamekiweka kwao, yeye wamemletea makapi. Akakichukua, akashuka akakichomeka kwenye runinga yake, na cha kwake akapanda kukilaza palepale ili mtu asigutuke. Vilikuwa pacha, vimetoka duka moja. Tofauti ni kwamba cha kwake kilikuwa na vumbi.

Jioni ileile anatazama taarifa ya habari, runinga ikabadilika yenyewe. Msomaji habari akatoweka, ikaja picha ya harusi ya mwanawe, na juu yake mshale mweupe unatembea bila mtu. Bi Kufuli aliinuka akatia komeo mlangoni, akarudi kukaa. Ilimchukua muda kuelewa kwamba anatazama laptopu ya mwanawe, aliyeko juu ya dari yake. Angeweza kupaza sauti akamwambia. Lakini angesemaje bila kusema kidude amekitoa wapi? Akanyamaza, na mwenyewe aliniambia bila haya kwamba alisogeza kiti karibu.

Alichokiona kilikuwa nyumba za kupanga za mji mwingine, mbali. Mwana alishawahi kugusia kwamba huenda ofisi ikamhamisha, kisha hakusema tena. Sasa jioni baada ya jioni zilipita sebule, majiko, mabafu, na mshale unazunguka. Bi Kufuli alihesabu vyumba vya kulala. Kimoja. Viwili. Akaja kwangu macho yamemwiva, akaniambia akufukuzaye hakwambii toka.

Ilikuwepo nyumba moja tu ya vyumba vitatu, na cha tatu kilikuwa chini, kidogo, dirisha lake linatazama ua. Hiyo ilifunguliwa, mshale ukatulia juu ya kile chumba, kisha ikafungwa. Kesho yake ikafunguliwa tena, ikafungwa tena. Bi Kufuli akakata shauri: mwanangu anafungua, yule anafunga. Nilimuuliza anajuaje na mikono haionekani. Akasema kikulacho ki nguoni mwako. Sikubishana, maana nami nina mkwe.

Basi vita ikaanza. Akaacha kuitikia salamu ila kwa pua. Matunda akayarudisha juu kwenye ngazi. Binti wa watu alikuja kwangu kuniuliza amekosa nini, nami nikajifanya nina kitu jikoni kinaungua. Iliniuma, kwa sababu alikuwa amekonda.

Lakini mpekuzi haridhiki mpaka amekamata mzigo. Bi Kufuli aliwaza hivi: nikimshikilia huyu huku chini saa ya nyumba kutokea, mwanangu atakuwa peke yake juu, na nitamwona akinichagulia chumba changu bila mtu kumshika mkono. Akamwita mkwe ashuke na mashine ya presha. Binti alishuka mbio, amefurahi kuitwa. Alimfunga mama mkwe mkanda mkononi, mgongo wake ukiielekea runinga, akaanza kupima.

Nyumba ya vyumba vitatu ikafunguka. Bi Kufuli akatabasamu. Mshale ukaenda kwenye ujumbe wa dalali aliyekuwa akiuliza kama kuna mzee atakayehitaji chumba cha chini. Herufi zikaanza kutokea moja moja: Hapana. Tuko wawili tu. Ile ya vyumba viwili inatosha.

Mashine ikalia. Muuguzi akaitazama namba, akashtuka, akamuuliza mama anaumwa wapi. Macho ya mama yalikuwa kwenye runinga. Binti akafuata macho yake, akageuka, akasoma. Akaulegeza mkanda taratibu.

"Mama," alisema, "aliniambia umekataa kuhama. Kila siku namfungulia ile yenye chumba chako, yeye anasema nisihangaike, mama hataki kutoka hapa."

"Hajaniuliza," alisema Bi Kufuli.

Aliniambia kwamba kitu kilichomuuma zaidi wakati ule si yale maandishi. Ni kwamba amepekua wanawake wa watu maisha yake yote, na huyu mmoja aliyemzaa, aliyemfunza hata kufunga kamba za viatu, hakuwahi kumgusa hata mfuko. Alimtazama mkwe wake aliyekonda, akaona haya, na haya haikuwa kitu alichokizoea.

Binti alitaka kupanda juu. Bi Kufuli alimshika mkono akamkalisha kando yake kwenye kochi, kisha akamwita mwanawe kutoka palepale alipokuwa, ashuke, na hiyo laptopu asiifunge.

Mwana alishuka ameishika wazi mikononi. Aliingia, akaiona runinga, akayaona maneno yake mwenyewe makubwa kama bango. Alisogeza kidole kutaka kuyafuta, na mshale ukasogea mbele ya watu wote, akauacha.

Mama yake hakugomba. Alimuuliza kwa sauti ya kawaida, ile ya getini:

"Umeandika mko wawili. Wawili hao ni nani na nani?"

Mwana alimtazama mkewe ajibu. Mkewe hakuinua macho, wala hakuondoka pale alipoketi.